Gejiu: Siku Mbili Kwenye Mji wa Bati

Kwetu ukisema bati, mtu anatazama juu. Bati ni paa, ni kelele ya mvua ya masika usiku, ni fundi anayekwambia nyumba yako inataka mabati arobaini na misumari kilo kadhaa. Lakini paa lile ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe, yale madini, ni jeupe na laini, na huchimbwa Kyerwa kule Kagera, Rwanda, na Kivu ambako likiwa bado jiwe wanaliita kasiterite. Limo pia ndani ya simu uliyoishika: ndilo linalogandisha vile vidude vidogo kwenye ubao wake. Na kama kuna mji uliozaliwa, ukanenepa na ukakonda kwa sababu ya bati, ni Gejiu, kusini mwa jimbo la Yunnan, China.

Watalii wengi waendao Yunnan huishia Dali na Lijiang, ambako kila kona kuna bibi harusi anapigwa picha. Gejiu haina mambo hayo. Ina ziwa katikati ya mji, milima miwili iliyolibana, vibanda vya tofu ya kuchoma, na historia nzito kuliko ukubwa wake. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye siku mbili za ziada: mfanyabiashara aliyemaliza shughuli zake Guangzhou, mwanafunzi wa Kunming mwenye likizo fupi, au mtu aliyekulia jirani na mgodi na angependa kuona mji unaishije madini yakianza kwisha. Huyu wa tatu ndiye atakayefaidi kuliko wote.

Kufika

Kwanza viza. Ule utaratibu wa kupita China siku kumi bila viza, ambao utawasikia Wazungu wakiusifu, hauhusu pasipoti ya Tanzania wala ya Kenya. Omba viza ya utalii ukiwa nyumbani, na kwenye ratiba yako andika Kunming na Gejiu waziwazi. Hakuna dhambi kwenda mji mdogo.

Ukishafika Guangzhou, Kunming ni kama saa mbili na nusu kwa ndege. Tahadhari moja kwa wanaobeba pawabenki: tangu Juni 28, 2025, ndege za ndani za China hazikubali pawabenki isiyo na alama ya ubora ya China, ile ya CCC. Uliyonunua Kariakoo huenda ikabaki kwenye kapu la wakaguzi. Nunua nyingine hukohuko.

Kutoka Kunming panda treni ya mwendokasi kwenye stesheni ya kusini, Kunming Nan. Njia ya kwenda Mengzi ilifunguliwa Desemba 2022, na safari iliyokuwa ikila nusu siku barabarani sasa ni ya saa moja na nusu hivi, ikizidi ni mbili. Tiketi inakatwa kwa pasipoti, na pasipoti hiyohiyo ndiyo tiketi yako langoni. Usibebe kisu, hata kile cha kumenyea matunda, kwa sababu mizigo yote hupita kwenye mashine.

Hapa wengi hupotea, kwa hiyo soma taratibu. Stesheni unayoshukia inaitwa Honghe, yaani Mto Mwekundu, jina la mkoa mzima. Ipo Mengzi, mji jirani. Lakini kuna pia wilaya iitwayo Honghe, mbali, ng'ambo ya mto, huko milimani. Ukimtajia mtu Honghe bila kusema ni stesheni ya treni, anaweza kukupeleka kwingine kabisa kwa nia njema. Ukishashuka, Gejiu ni safari ya gari isiyofika saa moja. Weka jina la mji kwenye simu kwa maandishi ya Kichina, 个旧, umwonyeshe dereva. Ukitaka kulitamka, ile "e" ya kwanza isikike kooni, si mbele ya mdomo kama e yetu. Nilichekwa siku nzima kabla ya kuelewa hilo.

Pesa hazitakusumbua kama umezoea M-Pesa. Wachina nao hulipa kwa simu, tofauti ni kwamba wewe unaskani msimbo wa muuzaji. Pakua Alipay kabla ya kuondoka nyumbani, unganisha kadi yako ya benki, na ujaribu malipo madogo uwanja wa ndege. Hata bibi anayeuza mahindi ya kuchemsha ana msimbo wake umening'inia shingoni. Beba na noti ndogo za yuan, maana siku mtandao ukigoma, tumbo haligomi. WhatsApp na Google hazifunguki kwenye mtandao wa kule. Laini yako ya nyumbani ikiwa na huduma ya kutumika nje itafungua, ila angalia gharama yake kwanza.

Hoteli inatakiwa kukuandikisha polisi ndani ya saa 24. Hiyo ni kazi yao, si yako, lakini Gejiu hawaoni pasipoti za Afrika kila siku. Dada wa mapokezi aliigeuza yangu juu chini mara tatu akitafuta pa kuanzia, akampigia simu mkubwa wake, akanipa kiti na chai. Tulimaliza baada ya nusu saa. Fika mapema, usifike saa sita ya usiku ukiwa umechoka ukaanza kudhani unabaguliwa.

Saa za China zipo tano mbele ya zetu. Nchi nzima inatumia saa ya Beijing, na Yunnan ipo mbali magharibi, kwa hiyo mwezi Desemba jua hutoka karibu saa mbili asubuhi. Gejiu linachelewa zaidi, kwani mashariki kuna mlima.

Ziwa lililokuja lenyewe

Mji upo mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, sawa na Mbeya, na hali ya hewa ni ya Mbeya pia: asubuhi sweta, mchana shati, jioni sweta tena. Mvua ni za Mei hadi Oktoba. Nenda kati ya Novemba na Aprili.

Upande wa mashariki umesimama Laoyinshan, magharibi Laoyangshan, yin mzee na yang mzee, na katikati bonde jembamba ambamo nyumba zimebanana kama meno. Humo ndimo lilimo ziwa Jinhu, Ziwa la Dhahabu. Wenyeji waliozaliwa kabla ya 1954 walizaliwa kwenye mji usio na ziwa hili. Ardhi ya huku ni ya mawe ya chokaa, imejaa mapango na matundu, na maji ya mvua yalikuwa yakinyonywa chini kwa njia hizo. Mwaka huo mvua zilipiga mfululizo, matundu yakaziba, maji yakakosa pa kwenda, yakatuama. Mji uliokuwa na bonde ukaamka na ziwa, na miaka iliyofuata ukajipanga upya kuuzunguka ule ufuko ambao haukuomba.

Lizunguke kwa miguu, na ulizunguke mara mbili. Mara ya kwanza iwe alfajiri, kabla jua halijavuka Laoyinshan. Wazee wanafanya mazoezi polepole, wengine wamekuja na ndege wao kwenye vizimba na kuvitundika mitini ili ndege wasalimiane. Wengi wa wazee hawa ni wastaafu wa migodi na viwanda vya kuyeyushia bati, na kama una kijana anayejua Kichina wa kukutafsiria, kaa nao benchi moja. Watakuuliza unatoka wapi. Sema Tanzania, na mwenye umri wa kutosha anaweza kukutajia reli ya TAZARA kabla hujamaliza sentensi. Mara ya pili iwe baada ya chakula cha jioni, taa za maghorofa zikiwa zimeanguka majini na akina mama wakicheza kwa mistari kwenye uwanja, spika moja ikishindana na nyingine. Ingia mstari wa nyuma. Hakuna atakayekutazama zaidi ya dakika mbili.

Kuogelea, acha. Udongo wa mabonde haya umebeba aseniki na risasi kutoka kwenye uchimbaji wa muda mrefu, na huna sababu ya kuonja.

Juu ya Laoyinshan

Mlima huu una gari la kamba linalopanda kutoka upande wa bustani ya Baohua. Uliza hotelini kama linafanya kazi siku hiyo. Nilipofika mimi lilikuwa kwenye matengenezo na hakuna aliyebandika tangazo, nikapanda kwa miguu nikiwa nimevaa viatu visivyofaa. Hata kwa miguu inawezekana, ila mapafu ya mtu wa Dar es Salaam au Mombasa yatalalamika.

Juu utaona jinsi mji ulivyo mwembamba: utepe wa nyumba, sahani ya maji katikati, na kuzunguka pande zote migongo ya milima yenye makovu mekundu. Ukae hapo muda kidogo, kwani ndipo mahali pazuri pa kuusimulia mji huu.

Bati limechimbwa hapa kwa miaka kama 2,000. Mwaka 1883 serikali ya wafalme wa Qing ilifungua ofisi ya kusimamia madini ya Gejiu, na hapo ndipo Kampuni ya Bati ya Yunnan inapohesabia asili yake. Kwa miaka mingi sasa kampuni hiyo imekuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa bati lililosafishwa. Kabla ya reli, bati lilishuka milimani kwa misafara ya nyumbu hadi Manhao kwenye Mto Mwekundu, likaingia mashua, likapita Vietnam hadi bandari ya Haiphong, na kutoka hapo Hong Kong. Matajiri walijenga majumba. Na walioingia shimoni?

Mererani, kwenye tanzanite, watoto waliotumwa kupenya mashimo membamba waliitwa nyoka. Gejiu ya kabla ya 1949 ilikuwa na nyoka wake. Mahandaki yalichimbwa membamba ili kuokoa gharama, mwili mdogo ndio uliopita, na mtoto alitoka akitambaa na mfuko wa mawe, nusu mbele na nusu mgongoni. Mwandishi Ba Jin aliandika riwaya juu ya wachimbaji hawa mwanzoni mwa miaka ya 1930, akaipa jina walilokuwa wakiitwa, Shading.

Mapinduzi yaliwaondoa watoto shimoni, lakini shimo lilibaki shimo. Wachimbaji wa bati wa Gejiu wakaja kujulikana na madaktari duniani kote kwa jambo lisilo la kujivunia: saratani ya mapafu. Toka miaka ya 1970 walipimwa na kufuatiliwa kwa maelfu, na chanzo kikaonekana ni viwili vikishirikiana, vumbi lenye aseniki na gesi ya radoni, ambayo hutoka kwenye mwamba wenyewe, haina harufu, na hujikusanya mahali pasipo na hewa ya kutosha. Sehemu kubwa ya kile madaktari wanachokijua leo kuhusu radoni na mapafu ilijifunzwa kwenye vifua vya watu wa milima hii unayoitazama.

Halafu kuna Huogudu. Wanaokumbuka bwawa la tope la Mwadui lilivyopasuka Novemba 2022 wataelewa haraka. Septemba 26, 1962, bwawa la mabaki ya uchenjuaji la Huogudu, hapa Gejiu, lilikatika ukingo na tope likateremka juu ya vijiji. Walikufa watu 171.

Kwa hiyo nikikwambia usiingie kwenye handaki la zamani utakaloliona mlimani, hata kama mlango uko wazi na mwenyeji anakukaribisha kwa tabasamu, usidhani ni woga wa mtu wa mjini. Mbao zimeoza, hewa huijui, na radoni haitoi hodi. Sehemu nyingine za juu, kama Laochang, bado zinachimbwa. Huko ni kazini kwa watu, usipige picha za milango na walinzi bila kuomba.

Mwaka 2003 makao makuu ya mkoa yalihamishwa kutoka Gejiu kwenda Mengzi, ambako kuna ardhi tambarare ya kujengea. Mwaka 2008 serikali kuu ilitoa orodha yake ya kwanza ya miji 12 iliyomaliza rasilimali zake, na Gejiu ikawemo. Kuwemo kwenye orodha si tusi tu, kulikuja na fedha za kusaidia mji kutafuta riziki nyingine. Lakini tembea mitaa ya ndani, uone maghorofa ya wafanyakazi yaliyojengwa enzi za neema na jinsi madirisha yenye taa yanavyohesabika usiku. Vijana wamefuata kazi Kunming na kwingineko. Mtu wa Geita au Kahama akisimama hapo atapiga hesabu zake mwenyewe.

Kula

Jioni tafuta moshi. Kibanda cha kuchoma hapa ni meza ya chini yenye wavu wa chuma juu ya makaa, na wateja wameizunguka kwenye vigoda. Mwenye kibanda anakaa kati yenu na kugeuza vipande vidogo vya tofu, mraba kama sabuni ya kipande iliyokatwa katikati, mpaka vivimbe na kupata ganda la rangi ya dhahabu. Unachukua mwenyewe, unachovya kwenye pilipili kavu au ya majimaji, unakula, unachukua kingine. Hesabu je? Kwetu mchoma mishkaki huhesabu vijiti. Huku mbele ya muuzaji kuna punje za mahindi: kila unapochukua kipande, anasogeza punje moja upande wako. Watu kumi wanakula kwa pamoja, kila mmoja ana kijirundo chake, na hakosei. Tofu hii asili yake ni miji jirani ya Jianshui na Shiping, na ina harufu kali kidogo ya kuchacha. Usihukumu kwa kipande cha kwanza. Mimi punje zangu zilifika 32, sikujuta.

Asubuhi kula tambi za mchele, mixian, kwenye supu ya moto. Bakuli la kawaida huwa kati ya yuan 8 na 15. Ile maarufu ya "kuvuka daraja", ambapo nyama mbichi iliyokatwa nyembamba kama karatasi hupikwa na joto la supu mezani kwako, kwao ni Mengzi. Supu ile haitoi mvuke kwa sababu juu ina utando wa mafuta, kwa hiyo inaonekana imepoa. Haijapoa. Usiinywe kabla ya kutia vitu vyote ndani.

Kwa Mwislamu, mafuta ya nguruwe yamo katika vyakula vingi bila kuonekana. Usiulize "kuna nguruwe?", utaambiwa hapana kwa maana ya kwamba hakuna vipande. Tafuta mgahawa wenye herufi hizi mbili mlangoni: 清真, yaani halali, mara nyingi na neno lenyewe kwa Kiarabu pembeni. Au fanya kama nilivyofanya, peleka njaa yako Shadian.

Shadian

Ukiniuliza sehemu gani ya safari hii mtu wa pwani asiikose, sitasema ziwa. Nitasema Shadian, mji mdogo wa Wahui, Waislamu wa Kichina, ulio ndani ya mipaka ya Gejiu, kwenye tambarare chini ya milima. Unafika na kusikia salamu unayoijua. Nilimwambia mzee aliyekuwa akianika nyama "Asalaam alaykum", akaitikia kwa ukamilifu wake, kisha akanishika mkono na kunipeleka kwenye kiti kabla hajauliza natokea wapi. Nyama ile ni niuganba, ng'ombe aliyetiwa chumvi na kukaushwa, hukatwa nyembamba na kukaangwa. Nunua ya kula palepale. Bidhaa za nyama huzuiwa kwenye viwanja vya ndege vya nchi nyingi.

Hapa alizaliwa Ma Jian mwaka 1906. Alisoma Al-Azhar, Cairo, akarudi kufundisha Beijing, na akaitafsiri Qurani yote kwa Kichina. Tafsiri hiyo ilitoka kamili mwaka 1981, miaka mitatu baada ya kufariki kwake, na baadaye ikachapwa Madina kwa ajili ya Wachina kote duniani. Ukitaka kuelewa nafasi yake, mfikirie Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy kwetu na tafsiri yake ya 1969.

Msikiti Mkuu wa Shadian ni mkubwa kupita kiasi cha mji. Picha nyingi za mtandaoni zitakuonyesha kuba la kijani na minara ya Kiarabu. Usivitafute: mwaka 2024 kuba liliondolewa na minara ikabadilishwa umbo, kufuata sera ya kuipa misikiti sura ya Kichina. Mji huu umewahi kuona makubwa zaidi. Julai 1975, mwishoni mwa Mapinduzi ya Utamaduni, mgogoro wa kufungwa kwa misikiti uliishia kwa jeshi kuingia Shadian, na waliouawa walizidi elfu moja. Baada ya miaka michache serikali ilikiri kosa na kuwasafisha majina. Ujue haya kabla ya kwenda, kisha usiyaanzishe wewe. Mwenyeji akitaka kuzungumza, atazungumza. Mgeni ataondoka kesho, yeye atabaki na majirani zake na polisi wake. Vaa kwa stara, akina dada wawe na mtandio, uliza kabla ya kuingia ukumbi wa sala, na kamera ibaki mfukoni watu wakiswali.

Reli ya inchi

Siku ya pili, ukiwa njiani kurudi Mengzi, pitia Bisezhai, stesheni ya zamani iliyo kama kilomita 10 nje ya mji. Kuta zake za njano zimekuwa mahali pa picha tangu filamu ya Feng Xiaogang, Fanghua, ilipoonyeshwa 2017, kwa hiyo mwisho wa wiki utakuta vijana waliokodi sare za zamani. Nenda siku ya kazi.

Mtu wa Tabora au Voi atazame chini, kwenye reli zenyewe. Upana ni mita moja, uleule wa Reli ya Kati na wa ile ya zamani ya Mombasa hadi Kampala. Wafaransa waliijenga kutoka Haiphong hadi Kunming, ikafunguliwa 1910, na faida kubwa waliyoitazamia ilikuwa bati la Gejiu. Wenye migodi hawakuwa wajinga. Walihofia kwamba treni ya Mfaransa ikifika mlangoni, mgodi utafuata. Wakachangishana fedha zao wenyewe, wakaanza kujenga reli yao mwaka 1915, nyembamba makusudi: sentimita 60 tu, kadiri ya vile vireli vilivyokuwa vikibeba mkonge mashambani Tanga. Behewa la Mfaransa lisingeweza kupita juu yake hata kama lingetaka. Ilipoiunganisha Gejiu na Bisezhai mwaka 1921, kila donge la bati likawa linashushwa behewa dogo na kupakiwa kubwa kwa mabega ya watu. Ilikuwa gharama, na walikubali kuilipa. Wenyeji waliiita reli ya inchi, na mwaka 1936 ilikuwa imefika Shiping.

Ukiwa na siku ya tatu, usirudi Kunming moja kwa moja. Nenda Jianshui, mji wa kale wenye lango la mwaka 1389, ambako treni ya watalii bado inatembea polepole juu ya njia hii ya zamani. Ukiwa na siku ya nne, ngazi za mpunga za Wahani kule Yuanyang, zilizoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2013. Hizo zina miongozo mingi tayari, sina la kuongeza.

Kitu cha kubeba

Usiondoke Gejiu bila chombo cha bati. Mafundi wa huku hutengeneza vikombe, birika na makopo ya majani ya chai, kwa kuwa bati halishiki kutu na kopo lake hufunga sawasawa. Vyenye thamani zaidi ni vile ambavyo chembe za madini yenyewe zimeachwa zionekane juu ya uso kama barafu kwenye kioo, na hakuna viwili vinavyofanana. Mwombe muuzaji akuonyeshe kipande chembamba cha bati safi na ukikunje karibu na sikio: kinatoa mlio, mkwaruzo mdogo kama mtu anayetafuna bisi. Ni chembe za ndani zinazoteleza, na metali zenye mlio kama huo ni chache. Vya bei ya kutupwa barabarani uviepuke, huenda vimechanganywa na risasi, na hicho si kitu cha kunywea chai.

Mimi nilichukua kikombe kimoja. Ukipeleka chako nyumbani, mwambie anayepika asikitenge jikoni hata kidogo: bati huyeyuka kwa nyuzi 232 tu, na moto wa gesi hupita hapo mapema.